Goma: Mtoto mchanga akishtuka, si kila mara ni hofu

Leo sileti habari ya barabara iliyofungwa wala ya bei ya unga wa muhogo. Nataka tuzungumze juu ya watoto wachanga wanaoshtuka sana wakisikia makelele.

Kila nikienda mahali ambapo familia zilizokimbia vita zimejibanza, iwe shuleni, kanisani au chini ya turubai, hakosi mama mmoja wa kunishika mkono na kuniuliza: "Papa, huyu wangu anaruka hata mlango ukifungwa. Je, mabomu yalimharibu?" Wanajua mimi si muganga. Lakini mtu wa habari, kwa macho yao, anajua kila kitu. Zamani nilikuwa na jibu la haraka kwa swali hilo. Siku moja nililitoa kwa mama mmoja, na lilikuwa jibu baya. Nitafika huko.

Binti yetu alizaliwa Desemba 2024. Nyumba yetu ni ya mbao, paa ni la mabati, na imesimama juu ya mawe meusi ya volkano kama nyumba nyingi za Goma. Makelele hayatupungukii: jenereta ya jirani, pikipiki, chukudu zinazoshuka na mizigo zikigonga mawe, kwaya inayojizoeza hadi usiku. Katikati ya hayo yote mtoto alilala. Mvua ikipiga mabati hadi mimi na bibi yangu hatusikilizani, yeye ndiyo kwanza anazama usingizini. Lakini kifuniko cha sufuria kikianguka mara moja tu, ilikuwa shida! Mikono yote miwili ilifunguka kwa upana, vidole vikatawanyika kama vya mtu anayeanguka kutoka mtini, kichwa kikaenda nyuma. Kisha mikono ikarudi kifuani kama anayekumbatia, ndipo kilio kikafuata.

Mama mkwe wangu alisema mtoto alichukua woga tumboni, sababu bibi yangu alikuwa na mimba wakati silaha nzito zilipokuwa zikisikika kutoka upande wa Sake. Jirani mmoja alitushauri tumfunge uzi mweusi mkononi. Mwingine alileta chupa ndogo ya dawa ya maji, akasema kijiko kimoja jioni na mtoto atalala hadi asubuhi. Uzi tuliufunga, sikatai, kusudi wazee wasinung'unike. Chupa niliitupa chooni.

Kisha vita viliingia mjini. Ninyi mliokuwa hapa mnaukumbuka usiku wa tarehe 26 kuamkia 27 Januari 2025, na siku zilizofuata. Umeme haukuwepo, maji hayakuwepo, intaneti ilikatika. Tulilala chini, tukiwa tumesimamisha magodoro kwenye ukuta wa mbao, kana kwamba godoro linazuia risasi. Binti alikuwa na majuma saba. Kila bomu lilipolia alifungua mikono na kulia. Bibi yangu alimweka kifuani ndani ya kikwembe, akamziba masikio kwa viganja. Mimi nilikuwa nahesabu mashtuko yake. Sijui kwa nini nilihesabu. Labda kwa sababu sikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Kisha, siku ya pili, aliacha.

Mabomu yalikuwa bado yanalia, yeye amelala, mikono imetulia. Mlio mmoja ulitikisa mabati yetu hadi vumbi likatuangukia, lakini mtoto hata kope hakutikisa. Hapo ndipo niliogopa kuliko wakati wote mwingine wa vita ile. Niliweka kidole chini ya pua yake ili nisikie pumzi. Nilisikia, lakini sikuridhika. Nilijisemea: masikio yamepasuka, huyu mtoto atakuwa kiziwi. Nilimfinya kidogo mguu, akaamka, akalia kwa hasira, akatafuta ziwa. Bibi yangu alinitazama kwa macho ambayo sitayaeleza hapa.

Risasi zilipopungua nilikwenda kituo cha afya cha mtaa wetu. Watu walijaa hadi uani, wengi wao wakiwa wamejeruhiwa, na niliona haya kusimama pale na mtoto asiye na jeraha. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima ambaye amezalisha wamama wa nyumba nyingi za kwetu, alinipa dakika zake chache. Nilimweleza kwamba mtoto alikuwa akishtuka, kisha akaacha kushtuka. Alicheka kidogo. Akasema, "Papa, akishtuka unalalamika, asiposhtuka unalalamika."

Alimlaza binti kwenye kitambaa, akangoja hadi ametulia na macho yako wazi. Kisha akasimama nyuma ya kichwa chake, mahali ambapo mtoto hawezi kumwona, akapiga makofi mara moja. Hakupiga karibu na uso, kwani, alisema, upepo wa mikono peke yake unaweza kumfanya mtoto apepese macho, nawe ukadhani amesikia. Mikono ya binti ikafunguka, yote miwili, sawasawa. "Basi," muuguzi akasema. "Huyu anasikia, na mishipa yake ni mizima."

Alinieleza kwamba mtoto aliye usingizini akipigiwa sauti ile ile mara nyingi, ubongo wake unaizoea na kuacha kuijibu, kama mtu anayefunga dirisha ili apumzike. Hiyo si uziwi. Na kushtuka kwenyewe si ugonjwa wala si woga uliorithiwa. Watoto wote wanazaliwa nako, wa Goma na wa Ulaya pia, hata wale ambao hawajasikia bunduki. Muganga mmoja wa watoto aliyefanya kazi Heidelberg, nchini Ujerumani, Ernst Moro, alikuandika mwaka 1918, na hadi leo waganga wanakuita kwa jina lake. Yeye aliona ni namna ya kukumbatia, kama kitoto cha nyani kinavyomshika mama yake kisianguke. Si kelele peke yake inayokuamsha. Ukimlaza mtoto kwa haraka, kichwa kikashuka ghafula, atafungua mikono vile vile, maana mwili wake unadhani anaanguka. Kwa kawaida hali hiyo inaanza kupungua mtoto akikaribia miezi mitatu, na akifika karibu miezi sita inakuwa imekwisha.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Wepesi huo ndio uliniponza.

Karibu na kwetu kulikuwa na shule ambayo madarasa yake yalijaa watu. Wengi walikuwa wamekimbia mara ya pili au ya tatu: kutoka Masisi hadi kambi ya upande wa magharibi wa mji, kutoka kambini hadi mjini vita vilipokaribia. Mle ndani alikuwemo dada mmoja, mimba yake ya kwanza, aliyejifungua usiku wakati hakuna aliyethubutu kutoka nje. Wamama wenzake walimsaidia kwa walichokuwa nacho. Kitovu kilikatwa kwa wembe uliokuwa umekwisha kutumiwa, kikafungwa kwa uzi uliochomolewa kwenye kikwembe, na juu yake wakapaka majivu kikauke upesi. Sisemi haya kuwalaumu. Walimwokoa mama yake usiku ule, kwenye giza, na risasi zikipita juu.

Nilifika pale kuandika habari ya maji. Mtoto, mvulana, alikuwa na siku saba. Mtu aliangusha bidoni tupu karibu na mlango, na mtoto akaruka mikononi mwa mama yake. Dada akaniuliza swali lile lile la wote. Akaongeza kwamba tangu jana hanyonyi vizuri.

Nami, mwenye elimu yangu ya siku tatu, nilimjibu: "Usiogope, dada. Hata wangu yuko hivyo. Ni hali ya watoto wote, na labda ni hofu ya mabomu. Mpakate tu, itaisha." Nikaandika habari yangu ya maji, nikaenda.

Nilikuwa nimesikia neno "hanyonyi". Nalikumbuka, hata sauti yake wakati akilisema. Lilipita masikioni mwangu kama mlio wa pikipiki.

Niliporudi siku ya tatu, pembe yao ya darasa ilikuwa tupu. Walimkimbiza mtoto hospitali wakati kinywa chake kilipokataa kabisa kufunguka, na hospitali yenyewe ilikuwa imefurika watu waliopigwa risasi. Alikufa usiku huo huo. Walimwambia mama yake kwamba ilikuwa pepopunda, ile ambayo wengi hapa tunaiita tetanosi.

Nilikwenda tena kwa yule muuguzi. Sikuwa na mtoto mkononi safari hii. Nilimweleza nilichosema. Hakunifariji na hakunigombeza. Aliuliza swali moja: "Ulipoona ameruka, mikono yake ilifunguka au ilifungika?"

Nilifikiri. Ilifungika. Ngumi zilikuwa zimekazwa, miguu imenyooka kama kuni, mgongo umepinda nyuma, uso umejikunja kama mtu anayecheka bila furaha. Niliona yote hayo, na bado nikasema ni kama wangu.

Hapo nawaomba wamama na wababa mnisikilize vizuri, na kama mtoto wa jirani anakusomea, mwambie arudie. Mshtuko wa kawaida unamfungua mtoto: mikono inaruka nje, vidole vinatawanyika, vinarudi, analia, unampa ziwa, ananyonya, amesahau. Pepopunda inamfunga. Mtoto alizaliwa vizuri, akalia, akanyonya siku mbili za kwanza. Kisha, kuanzia siku ya tatu hadi ya ishirini na nane, anaanza kushindwa kushika ziwa, taya linakaza, na kila kelele, kila mguso, hata mwanga, unamfanya akakamae mwili mzima. Kelele ndiyo inayoamsha yote mawili, ndiyo sababu tunayachanganya, hasa sisi tunaoishi mahali pa makelele na tuliokwisha kuzoea kuyatupia mabomu kila kosa. Mtoto wa umri huo akiacha kunyonya na kukakamaa, hakuna kungoja asubuhi, hakuna uzi, hakuna kumwaguzi. Ni hospitali, saa ile ile.

Tena ugonjwa huo unaweza kuzuiwa kabla mtoto hajazaliwa. Mama mwenye mimba anachomwa sindano ya pepopunda kwenye CPN. Kama hakuwahi kuchanjwa, sindano mbili zinahitajika, zikipishana kwa majuma manne au zaidi, na ya pili ipatikane angalau majuma mawili kabla ya kuzaa. Yule dada alipata moja huko kwao, kisha akakimbia. Kadi yake ilibaki ndani ya nyumba iliyoungua. Ninyi mnaohama: mkifika mahali papya, ijapo hamna kadi, semeni kwamba mna mimba na ulizeni sindano. Na kwa wale ambao watazalia njiani, kama ilivyotokea kwa wengi, wembe uwe mpya, haujafunguliwa, mikono ioshwe kwa sabuni, na kitovu kisiwekewe majivu, wala mavi ya ng'ombe, wala mafuta ya kupikia. Kiachwe kikauke. Wembe mmoja ndani ya karatasi yake hauna uzito ndani ya mzigo wa kukimbilia.

Muuguzi alinieleza mengine pia, kwa haraka, mimi nikiandika. Mtoto akishtuka mkono mmoja tu unaofunguka na mwingine ukabaki umelala, aangaliwe, sababu huenda mfupa wa karibu na bega ulivunjika au mishipa ya mkono ilivutwa wakati wa kuzaliwa. Akitetemeka kidevu au mguu, mshike kiungo hicho kwa upole: kikitulia mkononi mwako, mara nyingi si neno, kikiendelea kupiga ndani ya kiganja chako, hiyo inaweza kuwa degedege. Na kuna watoto, wengi wao kati ya miezi mitatu na mwaka mmoja, ambao wakiamka wanainama ghafula na kutupa mikono, mara moja, tena, tena, kwa mfululizo, bila kelele yoyote. Wazazi wanasema "anashtuka" na kungoja kumbe ni ugonjwa wa ubongo unaohitaji dawa mapema. Na yule ambaye hashtuki kamwe, hata akiwa macho, hata kitu kizito kikianguka nyuma yake, masikio yake yapimwe.

Wengine wote, walio wengi, wanahitaji kifua tu. Ngozi kwa ngozi, moyo wa mama unasikika. Ukimlaza, tanguliza matako, kisha mgongo, kichwa kiwe cha mwisho, na mkono wako ubaki kifuani mwake kidogo kabla ya kuuondoa. Bibi yangu alijifunza hilo siku moja na usiku wetu ukabadilika. Ukimfunga kitambaa, miguu ipate nafasi ya kukunjika na uso ubaki wazi, na alale chali. Dawa za kulazia mtoto, zile chupa ndogo za sokoni, msizitumie hata kidogo. Zinaweza kumzuia kupumua.

Nina mtoto mwingine, kaka yake, ambaye sijamtaja. Alizaliwa Machi 2021. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei mwaka huo alikuwa na miezi miwili, na ardhi ilipokuwa ikitikisika mchana na usiku alifungua mikono yake kama watoto wote. Tulipoamriwa kuondoka mjini tulimbeba kwa miguu hadi Sake. Hali hiyo ilimwisha kwa wakati wake. Lakini tangu Januari ile ya 2025 pikipiki ikitoa mlio wa ghafula anaingia chini ya meza na kubaki pale. Nilimuuliza muuguzi kama ni kitu kimoja na cha dada yake. Alisema hapana. Cha mdogo kilikuwa cha mwili, kinakwisha chenyewe. Cha mkubwa ni kumbukumbu. Sasa tunajitahidi kumwambia mapema: "Jirani anataka kuwasha jenereta, italia." Hatumcheki. Kuna siku naingia chini ya meza pamoja naye, na tukiwa huko ananiuliza kwa nini na mimi napumua kwa nguvu. Jambo hilo linastahili makala yake, nitaliandika nikiliweza.

Yule dada alirudi Masisi pamoja na wengine, majuma machache baada ya kumzika mtoto. Kabla hajaondoka nilikwenda kumtafuta pale shuleni, nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyesema ni hofu. Alikuwa anakunja kikwembe. Alisema, "Sote tulisema ni hofu, papa." Akaendelea kukunja.

Mwaka huu alinipigia simu. Mtandao ulikuwa unakatika, nilisikia nusu ya maneno. Amejifungua binti kwenye kituo cha afya. Sindano alipata zote mbili. Wembe alikwenda nao mwenyewe, ndani ya karatasi, ijapo walimwambia wanao. Nikamuuliza mtoto ana siku ngapi.

"Kumi na moja," akasema. "Ananyonya. Ngoja usikie."

Nilisikia kijiko kikigonga sahani mara moja, karibu na simu. Kisha mtoto akalia.

"Yote miwili, papa," akasema. "Imefunguka yote miwili."